Shanta ya Lita 40 kutoka Darajani: Siku Nane Rwanda kwa Kilo 7

Shanta ninayoizungumzia hapa niliinunua Darajani, Unguja, kwenye vibanda vya mitumba, kwa shilingi 45,000 baada ya muuzaji kuanzia 70,000. Ni ya buluu iliyokoza, ujazo wake ni lita 40 kwa mujibu wa kitambaa kidogo kilichoshonewa ndani, na jina la kiwanda limekwishafutika. Niliivaa siku nane mfululizo katika safari ya Rwanda niliyofuatana na rafiki yangu mwezi wa Novemba, safari iliyopangwa Jumanne usiku na kuanza Alhamisi mchana. Nimeona niandike kwa urefu kwa sababu wanawake wenzangu huniuliza kama kweli mtu anaweza kwenda nchi ya watu siku nane bila ya sanduku. Anaweza, kwa sharti kwamba shanta imechaguliwa kwa kiganja cha mkono na si kwa macho peke yake, na kwamba msafiri anavyo tayari vitu viwili ambavyo havipatikani ndani ya siku mbili hata akiwa na fedha.

Rafiki yangu alinipigia simu baada ya sala ya Isha. "Shoga, zipo tiketi za Kigali za Ijumaa alfajiri kutoka Dar, na bei yake sijapata kuiona. Twende?" Tiketi zilikuwa rahisi kwa sababu hazikuwa na mzigo wa kupakiwa tumboni mwa ndege, kila abiria aliruhusiwa begi moja la kuingia nalo, lisilozidi kilo 7. Hapo hapo sanduku langu la magurudumu likatoka katika hesabu, kwa kuwa likiwa tupu lina kilo tatu na nusu, na sikuona maana ya kutumia nusu ya ruhusa yangu kubebea magurudumu. Jumatano asubuhi nilikuwa Darajani.

Muuzaji alinitolea mabegi sita. Nilitafuta kwanza zipu inayozunguka pande tatu, ili shanta ifunguke na kulala wazi kama sanduku, kwa sababu shanta zinazofunguliwa kwa juu tu humlazimisha mtu kumwaga kila kitu kitandani anapotafuta soksi moja. Nikatafuta pia mkanda wa kiuno ulio mpana, wenye sponji, kwa kuwa mkanda huo ndio unaouhamisha uzito kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga. Bila ya huo, kilo saba huonekana kumi ifikapo adhuhuri. Ya buluu ilikuwa na yote mawili, ila bizimu moja ya mkanda wa kiuno ilikuwa imevunjika. Fundi viatu aliyekaa hatua chache kutoka pale aliibadilisha kwa shilingi 3,000, akashona kwa uzi wa nailoni mara mbili, na mshono huo haujalegea hata leo.

Sasa niseme jambo ambalo nalijua vizuri zaidi baada ya safari kuliko nilivyolijua kabla yake. Shanta nyingi za nailoni hupakwa kwa ndani utando mwembamba wa poliurethani unaozuia maji yasipenye. Utando huo haudumu milele. Joto na unyevunyevu huuozesha, na hewa yetu ya visiwani ina vyote viwili mwaka mzima. Huanza kunata kama gundi ya karatasi, ukatoa harufu ya uvundo, kisha ukabanduka vipande vipande mithili ya magamba ya changu. Begi la mtumba lililokaa miaka ndani ya robota na ghalani laweza kung'aa kwa nje ilhali ndani limekwisha. Mimi nilipitisha kiganja kwenye tumbo la shanta, nikakuta pakavu na pasipo harufu, nikaridhika na kulipa. Mfuko wa juu, ule mdogo wenye zipu yake peke yake, sikuutia mkono. Nitaurudia.

Jioni ya Jumatano nilipakia, na kwa kuwa sina mizani ya mizigo nyumbani, niliibeba shanta mpaka duka la mtaani ambako hupimwa mchele, mwenye duka akaitundika kwenye ndoano ya mizani yake. Tupu ilikuwa na kilo 1.4. Zilizobakia 5.6 ndizo nilizozigawa: baibui moja jepesi, suruali mbili pana, blauzi tatu, mitandio mitatu, sweta, koti la mvua, nguo za ndani za siku nne za kufuliwa na kurudiwa, soksi, kandambili, mswala mwembamba, dawa, na doti moja ya kanga. Raba nilizivaa mguuni. Mara ya kwanza mizani ilisoma kilo 7.9, nikatoa baibui la pili, kitabu kinene na chupa kubwa ya mafuta ya nywele, ikasoma 6.8. Nakiri kwamba ningekuwa na sanduku kubwa vitu hivyo vitatu vingekwenda Rwanda na kurudi bila ya kuguswa, kwa sababu hakuna siku hata moja niliyovikumbuka.

Kanga ndizo ninazotaka kuzitetea hapa, kwa kuwa nimeona vijana wetu wakinunua mataulo maalumu ya safari na mito ya kupuliza kwa bei ambayo ingewanunulia doti tatu. Kanga moja ilikuwa taulo langu, na tofauti na taulo, ilikauka usiku mmoja hata Musanze, mji wa baridi chini ya milima, ambako soksi zangu zilikaa siku mbili zikiwa na majimaji. Ya pili niliikunja ikawa mto ndani ya basi, nikaitanda kitandani penye shuka nisilolipenda, nikajifunika nayo kwenye ndege palipokuwa na baridi. Wakati wa sala moja niliivaa na nyingine tuliitandika kwa pamoja pale ambapo mswala wangu haukututosha wawili. Siku ya mvua kubwa nilizifungia nguo zilizolowa zisigusane na kavu. Doti nzima haikufika nusu kilo, na sijui kifaa kingine chochote cha safari kinachofanya kazi saba kwa uzito huo.

Jambo la kufungia nguo linahitaji maelezo yake. Rwanda imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008, na marufuku hiyo inasimamiwa kweli. Uwanja wa ndege wa Kigali mzigo hukaguliwa na mifuko hubakia palepale. Sisi tunaotoka Zanzibar si wageni wa sheria za namna hiyo, lakini rafiki yangu alikuwa amefunga viatu na sabuni kwenye mifuko laini ya zamani iliyosalia nyumbani kwao, bila ya kuifikiria kuwa ni mifuko. Alifungua begi mbele ya foleni nzima, akavitoa viatu kimoja kimoja, akaiacha mifuko mezani. Mimi nilikuwa nimeshona vifuko vinne vya kanga kuukuu vyenye kamba ya kuvuta mdomoni: kimoja cha nguo za ndani, kimoja cha nguo chafu, kimoja cha dawa na kimoja cha waya. Kazi hiyo ilinichukua saa moja ya cherehani usiku wa Jumatano, na ndiyo iliyoifanya shanta iliyofunguka kama sanduku iwe na faida, kwa kuwa nilikuwa nikivuta kifuko kimoja tu na vingine vikibakia mahali pake.

Kifuko cha waya kilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Nyumbani tumezoea plagi yenye meno matatu bapa, na Rwanda soketi zao ni za matundu ya duara. Hilo sikuliwaza hata kidogo mpaka Ijumaa usiku, nilipopiga magoti kando ya kitanda cha nyumba ya wageni nikiwa na chaja mkononi. Pawabenki yetu ilikuwa na moto wa kujaza simu moja tu, tukajaza yangu. Tukasema tutanunua adapta asubuhi, na asubuhi yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya Umuganda, ambapo Wanyarwanda hutoka kufanya kazi za pamoja za usafi na ujenzi wa mitaa kuanzia saa mbili hadi saa tano. Maduka yalikuwa yamefungwa na barabara kimya. Ni desturi niliyoistahi nilipoiona kwa macho, na ninamshauri anayepanga safari ya ghafla aitazame kalenda kabla ya tiketi, kwa kuwa anayefika Ijumaa ya mwisho wa mwezi anatakiwa awe amenunua mahitaji yake siku hiyohiyo.

Ilipopita saa tano tukachukua bodaboda kwenda soko la Kimironko. Kigali bodaboda haichukui zaidi ya abiria mmoja, na abiria hupewa helmeti. Kwa hiyo tulipanda mbili, kila mmoja na mzigo wake mgongoni, kwa kuwa mchana huo tulikuwa tunahama nyumba ya kulala. Hapo shanta ilionesha kasoro ambayo dukani mtu hawezi kuiona: mfuko wake wa juu umepanda kuliko mabega, ukigusana na ukingo wa nyuma wa helmeti, na kila dereva alipofunga breki kwenye mteremko, nao mji ule ni vilima vitupu, helmeti ilisukumwa mbele ikanifunika macho. Nilisafiri nusu ya njia nikiwa nimeinamisha kichwa. Dawa yake niliipata baadaye: kulegeza mikanda ya mabegani ili shanta ishuke, kisha kukaza mkanda wa kiuno usiyumbe. Tangu siku hiyo haikunisumbua tena, lakini anayenunua shanta kwa ajili ya miji ya bodaboda aijaribu akiwa ameketi, na si akiwa amesimama mbele ya kioo.

Dereva wa rafiki yangu alimshusha upande mwingine wa soko. Simu yake ilikuwa imezima, na jina la nyumba tuliyokuwa tunahamia lilikuwa ndani ya simu hiyohiyo. Nilisimama lango nililoshuka, karibu na wauza ndizi, kwa muda wa dakika arubaini hivi. Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda tangu 2017, lakini si kila mtu sokoni anakizungumza. Mama mmoja aliyekijua ndiye aliyeniazima kigoda na kunihakikishia kwamba rafiki yangu atatokea. Alitokea, amebeba adapta mbili, moja yangu na moja yake.

Kugawana mizigo kwa wasafiri wawili ni jambo jema, nasi tulilifanya tangu Unguja: dawa ya meno moja, mafuta mamoja, pasi ya nywele hakuna, sabuni ya kufulia moja, chaja moja. Tuliokoa karibu kilo nzima. Kosa letu lilikuwa kugawana na yale yasiyogawika. Jioni ile tuliandika kwenye karatasi mbili anwani za mahali pote tutakapolala pamoja na namba za simu za nyumbani, tukazikunja, kila mmoja akatia ya kwake begini, na fedha taslimu tukazigawa nusu kwa nusu. Begi lake yeye lilikuwa la skuli la mdogo wake, la lita 25, lisilo na mkanda wa kiuno. Siku ya tatu mabega yalimuuma hata nikachukua sweta lake na mswala, na shanta yangu ikavimeza bila ya kulalamika. Lita 40 kwa watu wawili walioelewana zinatosha kuliko nilivyodhani.

Musanze tulifika kwa basi kutoka Nyabugogo, kituo cha mabasi cha Kigali. Mabasi yao huuza viti na si nafasi ya kusimama, na mzigo mkubwa ni tabu kuupata mahali; shanta ilikaa mapajani mwangu safari nzima, nami nikailalia. Mji upo chini ya milima ya volkano ya Virunga, na baridi yake ya usiku kwa mtu wa pwani si ya kuchezea. Sweta moja la mtumba na koti la mvua juu yake vilinitosha mchana; usiku niliongeza soksi na kanga. Asiyetaka kubeba sweta zito avae nguo mbili nyepesi kwa pamoja, zitamtosha vilevile.

Siku ya tano tulikwenda kutazama maziwa mapacha ya Burera na Ruhondo, na mvua ikatukuta njiani tukiwa juu ya bodaboda. Novemba ni wakati wa mvua kule kama ilivyo vuli kwetu, kwa hiyo siwezi kusema tulidhulumiwa. Tulipofika kibarazani nikafungua shanta. Tumbo lake lilikuwa kavu kabisa. Nguo, mswala, pasipoti iliyokuwa katika mfuko wa ndani, vyote salama. Kisha nikafungua mfuko wa juu. Vidole vyangu vilitoka na magamba meupe yenye kunata, na chini yake palikuwa na maji kiasi cha kikombe cha kahawa, na ndani ya maji hayo kadi yangu ya manjano ya chanjo. Niliitandaza juu ya paja na kuipangusa kwa ncha ya kanga. Wino wa muhuri ulikuwa umechuruzika upande mmoja, lakini tarehe na namba zilisomeka.

Kadi hiyo ni mojawapo ya vitu viwili nilivyovitaja mwanzo. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo hakuna fedha wala jamaa anayeweza kumpatia mtu kadi inayofaa kati ya Jumanne na Ijumaa. Kwa upande mwingine, tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha, maana yake anayechanja mara moja amemaliza. Kutoka Musanze mpaka wa Cyanika wa kuingilia Uganda hauko mbali, na rafiki yangu alitamani sana tuvuke tuone upande wa pili. Uganda huitaka kadi hiyo kwa wanaoingia, na anayerudi nyumbani kutoka huko huulizwa kadi hiyo pia. Mimi nilikuwa nayo, imelowa. Yeye hakuwa nayo kabisa. Hatukuvuka, tukaenda Rubavu kwenye Ziwa Kivu, na sijutii Kivu, lakini safari ya ghafla inazaa safari nyingine ndani yake na inafaa mtu awe tayari.

Kitu cha pili ni pasipoti. Yetu ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, ni ya Afrika Mashariki, inagharimu shilingi 150,000 na hudumu miaka 10. Raia wa Tanzania haulizwi viza Rwanda, lakini kitambulisho cha taifa pekee hakimtoshi kwa safari hiyo. Ninawajua watu wanaosubiri mpaka wapate safari ndipo waombe pasipoti, na hao ndio ambao simu ya Jumanne usiku huwa haiwafai kitu. Ndugu zetu wa Pemba nao wakumbuke kuongeza boti ya kutoka Mkoani katika hesabu yao, kwa maana siku mbili zetu za Unguja kwao ni moja na kipande.

Kasoro ndogo nilizoziona ni kwamba mfuko wa ubavuni wa chupa ya maji ni mfupi, chupa ilianguka mara mbili nilipoinama, na kwamba haikuja na kifuniko cha mvua. Mgongo wake una sponji nene lisilopitisha hewa; Musanze nililifurahia, Dar es Salaam wakati wa kurudi lilinitoa jasho tangu uwanja wa ndege hadi bandarini. Zipu, jambo ambalo wengi hulihofia kwenye mitumba, haikunikwama hata mara moja, nami niliipaka mshumaa kabla ya kuondoka. Kwa bei niliyolipa naipa alama nne katika tano, na hiyo moja iliyokosekana ni ya mfuko wa juu.

Niliporudi niliukwangua mfuko huo kwa kijiko mpaka magamba yote yakatoka, na fundi akanishonea kifuniko cha turubai jepesi chenye lastiki kwa shilingi 8,000. Rafiki yangu amekwishachanja. Wiki iliyopita tulikwenda naye Darajani kwa muuzaji yuleyule, naye akatutolea shanta nyekundu, safi, mikanda mipana, bizimu zote nzima, bei shilingi 40,000 tu. Rafiki yangu alifungua tumbo akapitisha kiganja, akafungua mfuko wa juu akatia mkono wote, kisha mfuko wa chini kabisa ambao hata mimi sikuuona. Alipoutoa mkono, vidole vyake viwili vilikuwa vimenatana. Alivifuta kwenye leso, akamshukuru muuzaji kwa upole, na tukaenda kibanda cha pili.